Lowell: Wema Bila Haki

Waasisi wa viwanda vya Lowell, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa na nia njema, na mpango wao ulikuwa umefikiriwa kwa makini. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kati ya 1810 na 1812. Alizuru viwanda vya nguo huko na kuihifadhi kichwani mitambo ambayo Waingereza hawakuruhusu michoro yake itoke nchini. Yeye na wenzake, akiwemo Nathan Appleton, walijua pia jinsi wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya walivyodhoofika kwa umaskini, wakatafuta namna ya kujenga viwanda bila kujenga dhiki ile.

Kiwanda chao cha kwanza, kule Waltham, kilianza kazi 1814. Pamba iliingia ikiwa ghafi na kutoka ikiwa kitambaa, kazi zote zikifanyika chini ya paa moja. Lowell alifariki 1817, lakini wenzake waliendelea. Walinunua ardhi penye maporomoko ya Pawtucket katika mto Merrimack, wakapanua mifereji, wakajenga viwanda vilivyoanza kufuma 1823. Mji uliozaliwa hapo ulipewa jina la marehemu 1826. Kufikia 1850 ulikuwa na wakazi zaidi ya 33,000, mahali ambapo miaka thelathini nyuma palikuwa na mashamba na familia chache.

Suala la wafanyakazi lilikuwa ndiyo roho ya mpango. Badala ya kuajiri familia nzima pamoja na watoto wao, kama walivyofanya wenye viwanda wa Rhode Island, waasisi waliamua kuwaajiri mabinti wa wakulima wa New England ambao hawajaolewa. Wangefanya kazi miaka michache, wakalipwa fedha taslimu kila mwezi, kisha wakarudi makwao. Wangelala katika mabweni ya kampuni, kila bweni likiwa na mama wa kulisimamia. Milango ingefungwa saa nne usiku, na Jumapili kila mmoja angetakiwa kanisani. Mzazi wa kijijini New Hampshire au Vermont angeweza kumruhusu binti yake aende bila hofu.

Kwa miaka kadhaa mpango ulizaa matunda, na si haki kuyadharau. Wasichana ambao hawajawahi kushika fedha zao wenyewe walifungua akaunti benki. Wengine walilipia shule za kaka zao, wengine walilipa madeni ya mashamba ya baba zao. Walikwenda kwenye mihadhara, walisoma vitabu, na kuanzia 1840 hadi 1845 maandishi yao yalichapishwa katika jarida la *Lowell Offering*. Charles Dickens alipita hapo 1842 na kuondoka akiwa amevutiwa sana.

Lakini mradi haupimwi wakati faida inamiminika. Lowell ilipimwa bei ya nguo iliposhuka, na kipimo kilikuja mapema. Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mishahara. Wanawake wapatao 800 waliacha mitambo, wakaandamana mitaani na kutoa akiba zao benki. Baada ya siku chache wengi walikuwa wamerudi kazini kwa malipo yaliyopunguzwa, na wengine wamerudi mashambani kwao. Oktoba 1836 gharama ya kuishi bwenini ilipandishwa, jambo ambalo kwa mfanyakazi lilikuwa sawa na kukatwa mshahara. Safari hii waliotoka walikuwa zaidi ya 1,500. Harriet Hanson, aliyekuwa na umri wa miaka 11, aliwatangulia wenzake kutoka nje ya chumba chao pale wakubwa waliposita. Mama yake alisimamia bweni la kampuni, na baada ya mgomo aliondolewa.

Kuondolewa kwa mama huyo kunaeleza udhaifu wa mpango kuliko ripoti yoyote. Ulezi, usalama na heshima vilikuwa mikononi mwa watu walioweza kuvitoa na kuvirudisha wapendavyo. Mfanyakazi alitia sahihi kanuni za kampuni, naye akabanwa nazo. Hapakuwa na sahihi ya kampuni inayoibana kampuni. Binti aliyeondoka kabla ya muda aliokubali angeweza kunyimwa kibali cha kuajiriwa kwingine, ilhali mwajiri aliyepunguza mshahara hakuwa na wa kumuuliza.

Jambo lingine halikuwa kwenye mpango kabisa. Bweni lililojengwa kwa ajili ya kuwachunga ndilo lililowaunganisha. Wanawake waliokula meza moja na kulala chumba kimoja walijadiliana, walichangishana na kuhimizana wasirudi nyuma. Kusoma na kuandika, sifa ambazo kampuni ilijivunia mbele ya wageni, kukawa silaha yao. Jarida la *Lowell Offering* lilipoonekana kukwepa malalamiko ya kazini, Sarah Bagley, mfumaji, alilikosoa hadharani, na wenzake wakageukia gazeti la *Voice of Industry*.

Walikuwa na mengi ya kuandika. Kiangazi kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa moja jioni, mapumziko yakiwa ya kifungua kinywa na chakula cha mchana tu. Kwa wastani wiki ilifika saa 73. Madirisha yalifungwa ili unyevu uzuie nyuzi kukatika, na hewa ikajaa vumbi la pamba. Mfumaji aliyeanza na mitambo miwili alipewa mitatu, kisha minne, nayo ikaongezwa kasi. Wasimamizi walilipwa bakshishi kwa kadiri vyumba vyao vilivyozalisha.

Bagley na wenzake waliunda chama chao mwishoni mwa 1844, wakakusanya maelfu ya sahihi kudai siku ya kazi isizidi saa kumi. Mwaka 1845 kamati ya Bunge la Massachusetts iliwasikiliza. Mfumaji mmoja alieleza kuwa jioni chumba chake kiliwashwa taa ndogo 293 na kubwa 61, na kwamba hewa ya humo haikuwa nzuri kwa afya. Wajumbe walikwenda Lowell, wakaona usafi na miti, wakarudi na jibu kwamba dosari zipo lakini si kazi ya Bunge kuziondoa, kwa kuwa mfanyakazi anaweza kupatana na mwajiri wake mwenyewe. Wanawake hao hawakuwa na kura. Hata hivyo walimpiga vita mwenyekiti wa kamati, William Schouler, na uchaguzi uliofuata akashindwa.

Jimbo jirani la New Hampshire lilipitisha sheria ya saa kumi 1847. Wengi walishangilia, lakini sheria ilikuwa na kifungu kinachoruhusu saa zaidi pakiwa na mkataba maalumu. Kabla haijaanza kutumika, waajiri waliwagawia wafanyakazi mikataba ya kutia sahihi. Aliyekataa alipoteza kazi. Sheria ikabaki vitabuni na kengele zikaendelea kulia kama jana.

Kisha walikuwepo watu ambao mpango haukuwahesabu tangu mwanzo. Waairlandi waliochimba mifereji waliishi kwenye vibanda huku mabweni ya matofali yakijengwa kando yao. Baada ya njaa kuu ya Ireland, wahamiaji wengi zaidi waliingia viwandani na mabweni ya mfano yakaanza kupoteza nafasi yake. Na pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa Kusini, ambao baadhi yao walivishwa kitambaa kigumu kilichofumwa Lowell kwa ajili yao. Mnyororo huo wa pamba ulifika hata kwetu Afrika Mashariki. Baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha merikani kutoka viwanda vya New England, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Anayeandika tathmini ya mradi kama ule na kutazama mabweni peke yake ameacha nje sehemu kubwa ya gharama.

Massachusetts ilipitisha sheria ya saa kumi kwa wanawake na watoto mwaka 1874, karibu miaka thelathini baada ya Bagley kusimama mbele ya kamati. Hata hiyo iliadhibu tu mwajiri aliyevunja sheria kwa makusudi, na makusudi ni magumu kuthibitisha. Mambo yalibadilika pale sheria ya ukaguzi wa viwanda ilipokuja 1877, na neno hilo lilipofutwa 1879. Wakaguzi waliolipwa na serikali waliweza sasa kuingia kiwandani, kuhesabu saa na kupeleka kesi mahakamani.

Hapo ndipo ninapoona somo kwa kila anayebuni mradi leo, awe wa kiwanda, wa makazi au wa shamba la kampuni. Andiko la mradi hujaa mambo mema tutakayowafanyia watu. Ukurasa unaokosekana mara nyingi ni ule unaosema watu hao watafanya nini tusipoyafanya: wataishtaki ofisi gani, kwa maandishi gani, na nani atawalinda wasifukuzwe kwa kushtaki. Lowell ilikuwa na maktaba, makanisa na hospitali, na haikuwa na ukurasa huo. Wanawake wa viwandani waliuandika wenyewe, wakifukuzwa na kupuuzwa, kwa miaka mingi kuliko ilivyostahili. Uandikwe tangu siku ya kwanza, na wale utakaowagusa wawemo katika kuuandika.