Wimbo Uliotumwa: Msikilizaji kama Mtunzi wa Pili

Uchambuzi wa nyimbo katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili umezoea kuanzia kwenye maneno ya wimbo wenyewe. Mhakiki hutafuta nafsineni na nafsinenewa, huainisha tamathali, huhesabu mizani pale inapohesabika, kisha huuweka wimbo katika kipera chake: huu wa mapenzi, ule wa siasa, mwingine wa jando. Utaratibu huo una manufaa yake. Hata hivyo, humwacha nje mtu ambaye bila yeye nyimbo nyingi zisingefika mbali, naye ni msikilizaji anayeupenda wimbo kiasi cha kumtumia mwenziwe. Makala haya yanamhusu huyo. Hoja yake ni kwamba kumpa mtu wimbo ni tendo la usemi, na kwamba maana ya wimbo uliotumwa humtegemea aliyeutuma na aliyetumiwa kama inavyomtegemea aliyeutunga.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika taarab. Ubeti ukimgusa, mwanamke huinuka na noti mkononi, akaenda kwa madaha hadi jukwaani na kumtuza mwimbaji. Mgeni hudhani kwamba anasifu sauti tu. Wenyeji hutazama macho yake, njia anayopitia baina ya viti, na mtu anayemkaribia kabla hajafika jukwaani. Maneno yaliyotungwa na malenga asiyemjua yeyote ukumbini hugeuka, kwa muda wa dakika chache, yakawa kauli ya mtuzaji kwa jirani, wifi au mke mwenza. Mwimbaji akiulizwa atasema kuwa hakumwimba mtu, naye atakuwa amesema kweli. Mtuzaji atasema kuwa aliupenda wimbo, naye hatakuwa amesema uongo. Pamoja na hayo, yupo mtu anayerudi nyumbani usiku huo akiwa amejeruhiwa.

Wasomaji waliolelewa pwani hawatashangaa, kwa kuwa leso hutumika vivyo hivyo. Jina la leso huchapishwa kiwandani kwa maelfu ya wanunuzi, lakini leso ikishakabidhiwa mtu mmoja, jina hilo huwa linamsema yeye.

Wala tendo hili si la Waswahili pekee. Katika ngoma za Waluo kuna pakruok: msikilizaji hutoa fedha, muziki ukatulizwa, naye akajisifu au akawasifu rafiki zake kwa lakabu na mafumbo, kisha ala zikaendelea. Hapa msikilizaji haazimi tu maneno ya msanii, bali anaingiza yake katikati ya wimbo. Wanafunzi wanaofundishwa kuwa katika fasihi simulizi hadhira hushiriki, wakatajiwa makofi na kuitikia kiitikio kama mifano, wangefaidika zaidi kwa kutajiwa pakruok.

Kadi na anwani za nyimbo

Kwa Mkenya wa bara asiyekuwa na ukumbi wa taarab karibu, tendo hili lilihamia redioni. Vipindi vya salamu vya Sauti ya Kenya, idhaa ambayo tangu mwaka 1989 inajulikana tena kama KBC, viliendeshwa kwa kadi zilizotumwa kwa posta. Mtumaji aliandika jina lake, mara nyingi pamoja na lakabu aliyojipachika, akataja mahali alipo, akaorodhesha anaowasalimu, kisha akaomba wimbo. Kadi ni ndogo. Orodha ya majina ilijaza sehemu kubwa ya nafasi, na lililobaki moyoni ilibidi lisemwe na wimbo. Watumaji wa mara kwa mara walijulikana kwa lakabu zao na watu wasiowahi kuonana nao, na baadhi yao waliunda vyama vya salamu vilivyokutana mijini.

Katika hali hiyo anwani ya wimbo ilipata uzito ambao mtunzi hakuukusudia. Chukua "Sina Makosa" wa Les Wanyika, kundi lililoundwa Nairobi mwaka 1978. Tuseme mtu aliyekosana na nduguye juu ya shamba anamsalimu nduguye huyo hewani na kuomba wimbo huo. Wimbo wenyewe unahusu tuhuma za mapenzi, wala hauna shamba ndani yake. Lakini nduguye, akiwa ameketi karibu na redio pamoja na majirani, hatasikia habari za mapenzi. "Shauri Yako", uliopata umaarufu mkubwa kwa sauti za Orchestra Super Mazembe, wanamuziki wa kutoka Zaire waliofanya Nairobi makao yao katika miaka ya 1970, ungefaa kufungia mazungumzo hayohayo upande wa pili. Anwani hizi zilifanya kazi ya methali: semi fupi zinazojulikana na wote, zinazosubiri tukio la kuzipa maana.

Mfano wa "Malaika" unasisimua zaidi. Umiliki wa wimbo huu umezozaniwa kwa miaka mingi, ingawa wengi wanaufahamu kwa sauti ya Fadhili William, na ulimwengu uliufahamu kupitia kwa Miriam Makeba na, mwaka 1981, kundi la Boney M. Maudhui yake hayana utata. Ni kilio cha kijana anayempenda msichana asiweze kumwoa kwa kukosa mali. Pamoja na hayo, huimbwa arusini! Mhakiki wa matini atasema kwamba waalikwa hawajauelewa. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Wanaoutuma wimbo huu kwa maarusi wanaufahamu vyema. Wamelichukua jina la kupendeza analoitwa msichana, wakaacha umaskini kwa yule aliyeuimba kwanza. Yamkini pia kwamba bwana arusi aliyechangiwa mahari na ukoo mzima anausikia umaskini huo kuliko mtu yeyote pale, hata kama anatabasamu.

Wimbo usioeleweka

Swali gumu ni namna watu walivyopendana na nyimbo za lugha wasizozijua. Rumba ya Kilingala ilitawala redio na mabaa ya Kenya miongoni mwa watu ambao hawakuwa na maneno kumi ya lugha hiyo. Jibu la kawaida ni kwamba gita halihitaji tafsiri. Hilo ni kweli kiasi, ila halielezi yaliyoupata wimbo "Mario" wa Franco na TPOK Jazz wa mwaka 1985. Wimbo huo mrefu unamsema kijana msomi anayeishi kwa kulelewa na mwanamke mwenye fedha aliyemzidi umri. Katika Kiswahili cha mitaani, hasa Tanzania, mwanamume wa namna hiyo huitwa marioo, na wengi hulihusisha neno hilo na wimbo wa Franco. Gita peke yake haliwezi kuleta neno lenye maana mahususi kiasi hicho. Lazima kulikuwa na mtu aliyejua Kilingala, akamweleza mwenzake mezani, na mwenzake akamweleza mwingine kituo cha basi. Kugawana wimbo kulikuwa pia kuufafanua, na ufafanuzi huo ndio uliovuka mpaka wa lugha.

Kuvuka mipaka huku kuliwahi kuwatatiza wakuu wa utangazaji. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilielekezwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu. Nia ya kuwalinda wanamuziki wa nyumbani haikuwa mbaya, lakini uainishaji wenyewe ulikuwa na kasoro: Les Wanyika, waliorekodi Nairobi wakiwa na wanamuziki wenye asili ya Tanzania, wangewekwa wapi? Mtumaji wa salamu alikuwa na uainishaji wake, ambao haukujali pasipoti wala kipera. Alikuwa na wimbo wa kuomba radhi, wa kumkumbuka marehemu, wa kumkejeli asiyelipa deni. Aliyetafuta wimbo wa kuomba radhi aliuchukua kokote alikoupata, katika taarab, benga au rumba, na hivyo ndivyo msikilizaji mmoja alivyojikuta akipenda aina tatu za muziki ambazo wauzaji wa santuri walizipanga katika rafu tofauti.

Uainishaji huo wa matumizi haumo katika vitabu vya kiada. Kadi zilisomwa mara moja zikatupwa, na watumaji waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 ni wazee sasa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti nyanjani angeweza kuanza kwa babu au nyanya yake, akamwuliza wimbo gani aliuomba, ukamwendee nani, na aliyesalimiwa alijibu vipi.

Siku hizi wimbo hutumwa kwa simu, aghalabu bila neno lolote. Wako wanaosema kwamba usemi umekufa hapo. Lakini apokeaye wimbo huo usiku, bila maelezo, kutoka kwa mtu ambaye hawajazungumza tangu mwezi uliopita, huusikiliza mara mbili kisha akaandika: "Umenitumia mimi kwa nini?" Hamwulizi mtangazaji hivyo akiusikia wimbo uleule redioni.