Binti Anapotaka Kuigiza: Funzo Kutoka kwa Amandina Lihamba

Mzazi mwenzangu, fikiria binti yako wa kidato cha pili anarudi kutoka shule, iwe Ujiji, Mwanga au Kibirizi, anakukuta unaanua dagaa. Anakwambia amechaguliwa kuigiza siku ya mahafali. Jibu la wengi wetu linajulikana: "Shule nilikupeleka usome, siyo ukacheze."

Woga huo una sababu. Mazoezi yanaweza kuisha giza limeingia, na habari za mabinti walioharibikiwa wakitafuta umaarufu tumezisikia. Lakini kabla hujasema hapana, yatazame maisha ya Amandina Lihamba, mmoja wa waigizaji wa kike wa mwanzo wa jukwaa na filamu nchini.

Alizaliwa mwaka 1944 mkoani Morogoro, enzi ambazo ni wasichana wachache tu waliofika shule ya kati. Alianza kuigiza akiwa shuleni, na jukwaa halikumtoa kwenye masomo. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifundisha sanaa hizo, akawa mkuu wa idara na profesa. Aliandika pia tamthiliya, ikiwemo Hawala ya Fedha ya mwaka 1980, aliyoitoa katika hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal.

Kwenye filamu ya Arusi ya Mariamu (1985), aliigiza mwanamke mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa kumponya, huku yeye mwenyewe akiwaogopa waganga wa jadi tangu utotoni. Kisha ikaja Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2001. Humo alikuwa Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye amekaa miaka mingi bila kusema neno.

Mwigizaji huyo wa Samehe ndiye aliyesaidia wasichana wengi kufungua midomo. Mwaka 1996, yeye na Profesa Penina Mlama walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe mambo yanayowakwamisha kimasomo, wakayatungia mchezo, wakauonyesha mbele ya walimu, wenzao na wazazi. Baada ya hapo watu walijadili nini kifanyike.

Hapo ndipo penye faida kwetu. Binti anayeshindwa kukwambia ana kwa ana kwamba kuna mwenye bodaboda anamsumbua njiani, anaweza kulisema jambo hilo kwa mdomo wa mhusika. Anayeelemewa na kazi za nyumbani hadi anasinzia darasani, anaweza kukuonyesha bila kukuvunjia heshima. Mengi yanayowaharibu watoto wetu huota mizizi katika ukimya.

Basi usikatae haraka, wala usikubali kwa kufumba macho. Nenda shuleni umuulize mwalimu: nani anasimamia mazoezi, yanaisha saa ngapi, na watoto wanarudi na nani? Uliza mchezo unahusu nini. Patana na binti yako kuhusu muda wa kusoma na kazi za nyumbani, na umwambie wazi kwamba akiteleza kwenye masomo mtakaa chini tena. Kaka zake nao washike ufagio siku za mazoezi.

Siyo kila anayeigiza atakuwa profesa au ataonekana kwenye filamu. Inatosha akijifunza kusimama mbele za watu na kusema linalomsibu.

Siku ya maonyesho ikifika, funga biashara mapema uende ukamtazame. Mkirudi nyumbani, usianze na makosa aliyofanya. Muulize kwa nini walichagua kisa kile, kisha umwache aseme.