Mtabila na Kalamu za Magazeti: Gazeti Laweza Kudhulumu Bila ya Kusema Uongo



Huulizwa mara kwa mara: gazeti likiwa halikuandika uongo, laweza kuwa limedhulumu? Jawabu ni ndiyo, na tutabainisha kwa mfano wa Mtabila.

Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Mwaka 2012 ilikuwa na watu wapatao 38,000. Baada ya mahojiano na kila familia, takriban 2,700 walionekana bado wanahitaji hifadhi, wakahamishiwa Nyarugusu. Waliobaki hadhi yao ya ukimbizi ilikoma tarehe 1 Agosti 2012. Misafara ya kuwarejesha Burundi ikaanza mwisho wa Oktoba, na kabla ya mwaka kumalizika kambi ikafungwa.

Hayo ni matukio. Sasa tutunge vichwa vitatu vya khabari: "Warundi warejea nyumbani", "Wakimbizi waondoshwa Mtabila", "Wahamiaji haramu wasafishwa Kigoma". Watu ni wale wale na barabara ni ile ile. Cha kwanza kinamfanya msomaji afurahi, cha pili kinamfanya aulize, na cha tatu kinamfanya aogope jirani yake. Kila mwandishi anaweza kujitetea kuwa ana ushahidi wake. Serikali na UNHCR waliita zoezi lile kurejea kwa utaratibu. Amnesty International nayo tangu 2009 ilitoa indhari kuwa wakimbizi wa Mtabila wanashinikizwa kuondoka. Gazeti linalochapa kauli moja na kuiacha ya pili halikusema uongo, bali limeficha ushahidi.

Upendeleo huu unatoka wapi? Kwanza ni umiliki. Habari Leo na Zanzibar Leo ni magazeti ya serikali, Uhuru ni la CCM, na Tanzania Daima lilihusishwa na Mheshimiwa Freeman Mbowe wa Chadema. Kumilikiwa si dalili ya uongo, lakini mwenye gazeti ndiye mwenye kauli juu ya kipi kikae ukurasa wa mbele. Pili ni khofu. Tarehe 30 Julai 2012, siku mbili kabla ya hadhi ya watu wa Mtabila kukoma, serikali ililifungia gazeti la MwanaHALISI kwa muda usiojulikana kwa kutumia Sheria ya Magazeti ya 1976. Khabari hiyo haikuhusu wakimbizi, lakini mhariri yeyote aliisikia. Tatu ni wepesi: Mtabila iko mbali na Dar es Salaam, na kauli ya afisa hupatikana kwa simu, ama ya mama aliye kambini haipatikani ila kwa safari.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuichunguza khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wafasiri wengi wanataja kuwa sababu yake ni mjumbe aliyetumwa kwa Bani Mustaliq. Aliwaona watu wametoka, akakhofu, akarudi kusema wamekataa zaka na wanataka kumuua, na kumbe walitoka kumpokea. Alichokiona kilikuwa kweli. Jina alilokipa ndilo lililokuwa baya, na lilikaribia kuleta vita.

Kwa mnasaba huo, tunazinasihi familia zetu zisome gazeti kwa masuali manne. Nani mwenye gazeti hili? Watu wanaotajwa wamepewa jina gani? Nani amesemeshwa, na nani hakuulizwa? Lipi limewekwa mbele, na lipi limezikwa ndani? Na ikiwezekana, lisomwe na gazeti la upande wa pili.

Sisi watu wa visiwani tuna sababu zaidi ya kujali. Baada ya mauaji ya Januari 2001, ndugu zetu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Jina lipi tulitaka magazeti yawape? Basi tusiwape Warundi jina ambalo tungelikataa kwa wazee wetu. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu.

Aliyesoma tu kuwa amani imerudi Burundi alishangaa Aprili 2015, pale Warundi walipoanza tena kumiminika Kigoma. Aliyesoma pande zote mbili hakushangaa sana.

Na mwenye kuisambaza khabari kwa simu yake naye ni shahidi, ataulizwa kwa alichokipeleka. Asiyekuwa na uhakika, kunyamaza ni salama zaidi kwake na kwa watu.

Wallahu aalam.