Ngoma inavuma, pesa zinaishia njiani

Mwaka 2000, Joseph Ogidi na Julius Owino, vijana wa Nairobi tunaowajua kama Gidi Gidi Maji Maji, walitoa albamu yao ya kwanza, Ismarwa. Mtayarishaji alikuwa Tedd Josiah, na sehemu kubwa ya mashairi ilikuwa ya Kijaluo. Mfanyabiashara mwoga angeapa kwamba mzigo kama huo hauuziki Embu, mbali na wasemaji wa Kijaluo. Lakini redio za FM, zilizoanza kufunguka miaka ya tisini, pamoja na spika za matatu, hazikumuuliza msikilizaji anaelewa nini. Watu walipenda mdundo, wakacheza. Miaka miwili baadaye wawili hao wakatoa Unbwogable, ukawa wimbo wa kampeni za muungano wa NARC zilizomwingiza Mwai Kibaki Ikulu.

Kwa hiyo mapokezi yalikuwepo, tena mazito. Kilichoyumba ni mauzo. Enzi hizo kaseti halali ilitoka kwa wauzaji wa jumla wa River Road, na mwenye duka mashinani alihitaji nakala moja tu na redio ya deki mbili. Zilizobaki alijirekodia mwenyewe. Mkulima wa kahawa wa Embu anaijua hesabu hii bila kufundishwa: kikombe kinauzwa ghali ng'ambo, aliyechuma anasubiri malipo ya chama cha ushirika.

Kaseti zimekufa, ila mchezo ni uleule. Pita karibu na steji ya mji wowote wa kaunti: kijana ana kompyuta na waya mkononi, dereva anamkabidhi flashi, anataka ijazwe "ngoma mpya na za zamani kidogo". Analipa, anaondoka, na nyimbo zitacheza hadi Nairobi. Hakuna aliyejiona mwizi hapo. Matatu, baa na vinyozi hutakiwa kulipia leseni ya kucheza muziki hadharani, lakini vyama vya kukusanya mirabaha vimezozana na serikali na wanachama wao kwa miaka mingi, na msanii mdogo ndiye anayekosa chake.

Nafuu imetokea kwenye simu. Huduma ya Skiza ya Safaricom ilimfanya mpigaji asikie wimbo badala ya mlio, na mwenye simu akatwe ada ndogo. Kwa muda mrefu msanii aliambulia kipande kidogo cha ada hiyo, mpaka marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yalipoamuru mwenye kazi apate asilimia 52 kwenda juu. Kampuni ya simu haizidi 39.5, na wakala wa katikati 8.5.

Hilo linabadilisha hesabu za kijana anayerekodi Embu leo. Kwa maoni yangu, asikimbilie albamu nzima: kiitikio kimoja cha sekunde 30, kwa Kiembu, kikipigwa Wimwaro FM na kusajiliwa Skiza, kina njia ya kulipwa. Nyimbo nyingine kumi zitaishia kwenye flashi ya dereva.