Ukishuka Dar na Begi Lako, Nani Atajua Ukiugua?

Kijana mwenzangu wa Sakina, Tengeru, Ngaramtoni au Usa River: kama unaimba, unachora au unaigiza, najua wazo la kwenda Dar es Salaam umeshakuwa nalo. Huko ndiko ziliko studio nyingi, redio kubwa na televisheni. Siyo lazima uhame, jamani. X Plastaz walianzia hapa hapa Arusha mwaka 1996, wakachanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, wakafika mpaka Ulaya. Lakini wengi wenu mtahama tu, na makala hii ni yenu.

Sisi tunaofundisha afya ya vijana tunaulizwa sana: "Nikifika nimwone prodyuza gani?" Swali zuri, ila limeruka hatua. La kwanza ni hili: nikishikwa na homa usiku wa manane ndani ya chumba cha kupanga, nani atagonga mlango? Ukishampata huyo, kumpata prodyuza kunakuwa rahisi zaidi, maana mara nyingi watu ni wale wale.

Homa ya mtu wa mlimani

Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya mteremko wa Meru viko juu zaidi. Ile baridi ya Juni na Julai tunayoilalamikia inatusaidia: mbu wa malaria haipendi, na vijidudu anavyobeba hukua polepole sana ndani yake. Mtu aliyekulia kwenye malaria nyingi, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupambana nayo. Wewe wa mlimani hujajifunza. Ukishuka pwani, kwa upande wa malaria uko kama mtoto mdogo, hata kama kifua ni cha mnyanyua vyuma. Mwenyeji wa vijiji vya Pwani anaweza kulalamika kichwa tu. Wewe ugonjwa huo huo ukakulaza wodini.

Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kung'atwa, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 15. Maana yake homa inakuja wakati umeanza kuzoea joto, unadhani ni uchovu wa kuzunguka na daladala. Nenda kapime siku hiyo hiyo. Ni tone la damu kidoleni na majibu hayachelewi. Ukikutwa nayo, dawa ya mseto kwa mtu wa kilo 35 na kuendelea ni vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, jumla 24. Usimgawie mshikaji wa geto nusu dozi eti na yeye anajisikia vibaya. Mtabaki wagonjwa wawili.

Na kipimo kikisema huna malaria, usirudi kulala ukasahau. Mwaka 2014 na tena 2019 Dar ilipata mlipuko wa dengue. Mbu wake huuma mchana, na hakuna dawa ya kuua kirusi chake. Unakunywa maji kwa wingi, unameza panado, na unakaa mbali na aspirini na diklofenaki kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Ukiona damu kwenye fizi, tumbo linauma sana au unatapika bila kukoma, ni hospitali.

Lakini mtu mwenye homa kali hawezi kujipeleka. Hapo ndipo tunarudi kwa yule wa kugonga mlango.

Kujichanganya

Anza na vitu vya kawaida. Nenda na barua ya utambulisho ya mtaa wako, uripoti kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unakohamia. Mwambie mama mwenye nyumba kwenu ni wapi na umwachie namba ya ndugu. Kama ni Mkristo, chukua barua ya usharika, ujiunge na kwaya. Vijana wengine wanaona kwaya ni ushamba. Mimi naona ni koneksheni bora kuliko kukaa baa ukisubiri kumwona mtu maarufu: utapata mazoezi ya sauti bure, utakutana na wapiga kinanda, na usipoonekana mazoezini mara mbili watakuulizia. Ukiwa Mwislamu, msikitini na kwenye vikundi vya kaswida ni hivyo hivyo.

Wachoraji wana mfano mzuri. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Wa kwanza kujifunza kwake walikuwa ndugu na jamaa. Alipofariki mwaka 1972 kazi haikufa. Wale wale waliendelea, baadaye wakaunda ushirika, na hadi leo kuna wachoraji wanaokaa pamoja Oysterbay wakichora na kuuza.

Kisha nenda kwenye sehemu ambazo kazi inafanyika mchana na watu wanaonekana. Nafasi Art Space, Mikocheni, ipo tangu 2008. Bagamoyo, kama kilometa 70 kutoka Dar, kuna TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na ina tamasha lake. Nenda tamasha hata kama hupandi jukwaani. Saidia kubeba spika. Aliyebeba spika hukumbukwa jina.

Kikao cha chumbani

Sasa lile gumu. Utaambiwa: "Wimbo wako mkali, njoo hotelini saa tatu usiku tuongee." Wavulana nao huambiwa, tusijidanganye kwamba ni mambo ya akina dada peke yao. Jibu, "Sawa, nakuja na kaka yangu," halafu uone kama kikao bado kipo. Mwenye pa kulala na mtu wa kumpigia simu anaweza kukataa akaondoka. Asiye na mtu ndiye anayebanwa, na wanaobana wanajua kumtambua.

Mtu mwenye madaraka akidai ngono ili akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Tunza meseji zake, piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Kama umeshalazimishwa, nenda hospitali kabla ya mambo mengine. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Msichana aombe pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Usiende peke yako. Mpigie yule wa kwaya.