Nyaraka za Kijeshi za Ujerumani na Utafutaji wa Habari za Babu Aliyepigana Vitani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtafiti anavyoweza kufuatilia utumishi wa kijeshi wa babu yake aliyepigana upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), na kudokeza tofauti iliyopo kati ya nyaraka hizo na zile za Vita Kuu ya Pili (1939–1945). Hoja yetu ya msingi ni kwamba mtafiti asiyejua jinsi nyaraka zilivyozaliwa na zilivyoangamia huweza kuuchukua ukimya wake kuwa ndilo jibu.

2.0 Majeshi Manne

Kosa la kwanza la watafiti wengi ni kudhani kwamba Dola ya Ujerumani ilikuwa na jeshi moja la nchi kavu. Kwa hakika, Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg kila moja ilikuwa na jeshi lake, wizara yake ya vita na kumbukumbu zake. Kwa hiyo swali la kwanza si jina tu, bali pia mahali alipozaliwa mhusika na kikosi alichotumikia. Jina kama Karl Müller lilikuwa la watu wengi mno. Kijiji na namba ya rejimenti ndivyo vinavyomtenga mmoja na wenzake. Mara nyingi habari hizo humo nyumbani: katika barua, picha, au kijitabu cha utumishi kiitwacho Militärpass.

Nyaraka za jeshi la Prussia, lililokuwa kubwa kuliko yote, ziliteketea kwa sehemu kubwa huko Potsdam katika shambulio la mabomu la Aprili 14, 1945. Za Bavaria zimesalia Munich, za Württemberg Stuttgart, na za Saxony Dresden. Aidha, ingawa askari wa Baden walikuwa chini ya jeshi la Prussia, kumbukumbu zao nyingi zimehifadhiwa Karlsruhe. Mathalani, sajili za Bavaria humtaja askari pamoja na dini yake, kazi yake, wazazi wake, mapigano aliyoshiriki na majeraha aliyopata. Jirani yake wa Prussia huenda asiwe na hata mstari mmoja. Haina maana kwamba huyu wa pili hakupigana; karatasi zake ndizo zilizoungua.

3.0 Orodha za Hasara

Pengo hilo huzibwa kwa kiasi fulani na orodha zilizochapishwa na serikali kuanzia Agosti 1914, ziitwazo Verlustlisten. Orodha hizi hazikuwa za wafu pekee: zilitaja pia waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa, kisha zikasahihishwa katika matoleo ya baadaye. Hivyo, anayekuta jina la babu yake humo asikimbilie kuhitimisha kwamba aliuawa. Yafaa pia kukumbuka kwamba tarehe ya chapisho si tarehe ya tukio, na kwamba kuanzia mwishoni mwa mwaka 1916 majina yalipangwa kwa alfabeti bila kutaja kikosi. Kwa waliotekwa, kumbukumbu za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Geneva, ni msaada mkubwa.

4.0 Vita Kuu ya Pili

Hapa hali ni tofauti, kwani jeshi lilikuwa moja. Ofisi iliyoanzishwa Berlin mwezi Agosti 1939 ilipokea taarifa za vifo, majeraha na namba za vibati vya utambulisho. Tangu mwaka 2019 ofisi hiyo ni sehemu ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mtafiti atahadhari: kibati huonyesha kikosi kilichokitoa, wala si lazima kiwe kikosi ambamo askari alifia.

5.0 Afrika Mashariki

Jeshi la koloni, Schutztruppe, halikuwa miongoni mwa yale manne. Lilisimamiwa na wizara ya makoloni. Lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikuwa na Wazungu 155 na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100, mbali na wapagazi. Mjukuu wa Mjerumani aliyekuwamo ana pa kuanzia. Mjukuu wa askari au mpagazi mara nyingi hukuta idadi mahali ambapo angetarajia jina, naye hulazimika kurudi kwa wazee na masimulizi yao.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba nyaraka huweza kutuambia babu alikuwa wapi, lini, na katika kikosi gani. Alichokitenda huko ni swali jingine. Kumbukumbu za vikosi zilizoko Freiburg hueleza matendo ya kikosi, si ya kila mtu. Hazimtii hatiani wala hazimtakasi. Mtafiti mwaminifu ataandika alichokikuta, ataeleza kwa nini mengine hayapo, na hatalijaza pengo kwa sifa za familia wala kwa aibu yake.