Bango la Taa Bandarini: Afadhali Lizime Kuliko Lidanganye

Msafiri anayesubiri boti Mkoani, kusini mwa Pemba, anahitaji kujua mambo machache tu: boti itaondoka saa ngapi, na bahari ikoje leo. Katika njia hii habari si jambo dogo. Bado tunawaombea waliopotea katika MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Tuseme bandari inataka bango kubwa la taa za LED la kuwapa abiria taarifa hizo. Lisanifiwe vipi ili litegemewe?

Tuanze na hesabu. Bango la rangi lenye upana wa meta 3.84 na kimo cha meta 1.92, nukta zake zikiachana milimita 10, lina nukta 73,728. Kila nukta ina taa nyekundu, ya kijani na ya buluu: jumla taa 221,184. Msanifu mwenye busara hukubali mapema kwamba baadhi zitakufa, kisha hujiuliza: moja ikifa, itakufa na ngapi?

Ndiyo maana bango hujengwa kwa vipande. Letu lingekuwa na vipande 144, kila kimoja kikiweza kufunguliwa na kubadilishwa peke yake. Umeme nao hugawanywa. Vipande hivi hutumia volti 5, na kwa volti hizo wati 200 zinadai ampea 40. Waya mrefu mwembamba utapoteza volti njiani na kupata moto. Kwa hiyo viwekwe vifaa vingi vidogo vya kupunguza umeme, kila kimoja karibu na vipande vyake. Waya wa data nao uingie kutoka pande mbili, ili ukikatika mahali pamoja, taarifa zipite upande wa pili.

Kisha kuna chumvi na joto. Hewa ya bahari hula miguu ya taa na viungio vya waya, hivyo bodi zipakwe rangi ya kinga isiyopitisha unyevu. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zisigusane na fremu ya alumini bila kitenganishi, maana maji ya chumvi yakiingia kati yao, alumini huliwa. Mwanga upunguzwe jua linapozama: taa isiyolazimishwa hupoa na hudumu.

Tangu 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme ukikatika na kurudi, bango lisiamke na ujumbe wa jana. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Bango lililozima kila mtu huliona, naye msafiri atakwenda kuuliza. Lililoganda huendelea kung'aa likisema bahari ni shwari, ilhali onyo la upepo mkali limekwisha kutolewa.

Dawa yake ni rahisi. Kila ujumbe uonyeshe saa ulipoandikwa na uwe na muda wa kuisha. Habari mpya isipofika kwa wakati, bango lijifute na kuandika: "Hakuna taarifa mpya. Uliza ofisini." Kompyuta inayoliendesha ikiganda, kifaa kidogo cha pembeni kiiwashe upya.

Nasi tunaoandaliwa kwa huduma ya neno tuna la kujifunza hapo. Anayenyamaza kwa sababu hajui humlinda msikilizaji kuliko anayeendelea kutangaza yaliyopitwa na wakati.